Mrejesho: Sanaa ya kugusa kwa wanafunzi wasioona

Niliwahi kuuliza namna ya kuwafundisha sanaa wanafunzi wangu sita, wanne wasioona kabisa na wawili wenye uoni hafifu, nami nikashauriwa nianze na udongo wa mfinyanzi kabla ya picha za mistari iliyoinuka. Ushauri huo ulikuwa sahihi, ingawa niliukaidi kwanza. Picha niliyoichora kwa gundi na kuiacha ikauke niliijaza mambo mengi mno, nikisahau kwamba kidole husoma sehemu moja baada ya nyingine, ilhali jicho huona yote kwa pamoja. Mwanafunzi mmoja alidhani mkia wa paka ni njia. Tulipomfinyanga paka huyo kwa udongo, kisha tukamlaza ubavu na kumkandamiza ubaoni mpaka akawa bapa, walielewa jinsi umbo linavyogeuka kuwa mchoro.

Sasa kila malighafi ina maana moja tu: msasa ni ardhi, pamba ni mawingu. Wenye uoni hafifu hutumia uzi wa manjano juu ya karatasi nyeusi. Kinachonisumbua bado ni gundi, kwa kuwa huchelewa kukauka na wanafunzi hawana subira (wala mimi sina).