Nimeuziwa hifadhi ya nje ya "TB 2" Kariakoo, ndani kuna memori kadi ya GB 64 na kipande cha chuma. Video za marehemu mama zimepotea

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnisamehe nikirefusha. Leo siku ya nne sijalala vizuri.

Nyumbani nina kompyuta ya mezani, mtumba kama nyingi zilizopo mitaani. Diski yake ya ndani (hadi diski, inayotunza mafaili yote) ilianza kugonga kila nikiwasha, tak, tak, tak. Aliyewahi kuisikia sauti ile anajua maana yake: toa vitu vyako haraka. Na vitu vyenyewe ni picha za watoto wangu tangu wazaliwe, video za harusi ya mdogo wangu, na video za mama nilizomrekodi Newala kabla hajafariki. Nikapanga kununua vitu viwili: hifadhi ya nje nihamishie kila kitu, na raita ya DVD nichome nakala za shangazi na mama wadogo. Wale bado wanatumia deki. Hawana bando, hawana simu kubwa, lakini ukiwapelekea CD ya ndugu yao wanaiangalia mpaka inachubuka.

Nikaenda Kariakoo. Kijana wa dukani akanitolea SSD ya nje, yaani hifadhi inayotumia chipu badala ya diski inayozunguka, bapa, nyeusi, kwenye kasha zuri, imeandikwa TB 2, yaani kama GB 2,000. Shilingi 85,000. Nikamuuliza mara mbili, "Mdogo wangu, hii ni TB 2 kweli?" Akaichomeka kwenye laptop yake palepale, akanigeuzia kioo. TB 2. "Bosi, si unajionea mwenyewe? Mashine haidanganyi." Raita akanipa ile nyembamba ya USB, 45,000, kasha limeandikwa Blu-ray, yaani inachoma hata zile CD zenye nafasi kubwa kuliko DVD. Nikaomba risiti, akasema mashine ya EFD haina mtandao, akaniandikia kikaratasi chenye muhuri chini: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Usiku ule nikatengeneza folda zote kwanza, kisha nikamimina GB 180 mpaka asubuhi. Majina yote yakaonekana, ukubwa wote upo. Nikafungua picha nne tano za mwanzo, zikafunguka. Nikaridhika. Kompyuta nikampelekea fundi aweke diski nyingine na kupiga Windows upya. Nilipoirudia ile diski ya zamani, haizunguki tena.

Wiki moja baadaye nikakaa nichome CD ya kwanza. Nikafungua folda ya Newala. Faili lipo: MAMA KOROSHO 2014, MB 412. Nikabofya, giza. Nikabofya linalofuata, giza. Katika video ile mama amekaa barazani anabangua korosho huku ananisimulia jinsi babu alivyoipanda mikorosho ile, na katikati anamfukuza kuku anayedonoa kwenye ungo. Ndiyo sauti yake pekee niliyokuwa nayo. Jina limebaki, mama hayumo.

Nikachukua kisu cha jikoni nikaipasua ile SSD. Ndani kuna kibao cha kijani, kidogo kuliko kidole gumba, na juu yake memori kadi, hizi za kwenye simu, GB 64, imeshikiliwa kwa gundi ya moto isicheze. Pembeni kuna kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi hiyohiyo. Hakijaunganishwa na chochote. Kazi yake ni uzito tu, ili ukikishika kifaa dukani uhisi umeshika kitu cha maana. Mtu alikaa mahali fulani akaufikiria mkono wangu kabla sijafika dukani. Hapo ndipo nilipotetemeka kwa hasira.

Nimesoma siku tatu hizi kuelewa walivyonifanyia. Ile chipu inayoongoza kumbukumbu ina programu ndogo ndani yake, nayo imebadilishwa ili kompyuta ikiuliza "una nafasi kiasi gani?" ijibu TB 2. Kompyuta haina njia ya kubisha, inaamini. Unaandika mpaka GB 64 inajaa. Baada ya hapo kifaa kinaendelea kupokea na kusema "sawa, sawa", huku vinavyoingia vinatupwa au vinaandikwa juu ya vya zamani. Hakuna onyo hata moja. Folda zangu zilionekana kwa sababu nilizitengeneza mwanzo, zikaangukia kwenye sehemu ya kweli. Na programu za kurudisha mafaili hazisaidii, maana huwezi kurudisha kitu ambacho hakijawahi kuandikwa.

Kwa hiyo, wakuu, mtu asinambie hii ni sawa na viatu feki. Kiatu feki kikikatika unabaki na mguu wako. Hiki kimepokea kitu ambacho hakinunuliki, kikasema kimekihifadhi, na kwa sababu kilisema hivyo mimi nikaacha kukishughulikia kile cha zamani.

Nilirudi dukani. Kijana yuleyule. Kwanza hanikumbuki. Nikatoa kile kibao na kile chuma nikaviweka mezani. Akasema, "Kaka, umejaza vitu vingi mno, SSD inataka uiachie nafasi." Baadaye virusi. Baadaye, "Umeshaifungua, waranti imekufa." Na nyuma yake, kwenye shelfu, ziko nyingine zilezile zimepangwa, baadhi zimeandikwa TB 16. Mama mmoja alikuwa pembeni na binti yake mwenye sare ya chuo, ameshika moja. Nikamwambia, "Mama, usinunue hicho." Mlinzi akaombwa anitoe nje.

Raita nayo. Blu-ray ni uongo mtupu. DVD huandikwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650, Blu-ray kwa mwanga wa nanomita 405, na hii haina huo wa pili. Ningeisamehe kama ingechoma hata DVD, lakini inafika asilimia 60 inakata. CD nane zimeharibika. Fundi mmoja mtaani kwetu, mzee mtaratibu, ndiye aliyenieleza: raita hizi nyembamba zinakula umeme wa USB, na tundu la USB 2 kwa kawaida linatoa miliampia 500 tu, hayo ya mbele ya kompyuta za mitumba ndiyo dhaifu zaidi. Laser inapotakiwa kupanda nguvu, umeme hautoshi. Akanipa raita ya ndani, ile pana ya SATA, aliyoichomoa kwenye kompyuta mbovu. Shilingi 15,000. Inapata umeme wake moja kwa moja kutoka pawa saplai, na haijaharibu hata CD moja mpaka leo. Mwenye kompyuta ya mezani atafute hiyo kwanza. Na unayemchomea mzee mwenye deki, usimtupie MP4 kwenye CD, deki nyingi za zamani hazisomi. Igeuze kuwa DVD ya video kamili, choma kwa kasi ndogo, na uhakikishe programu imeifunga CD mwishoni (finalize). DVD ya kawaida ina GB 4.7, ni kama saa mbili za video.

Baada ya kipigo kile nikasema bora hadi diski ya kawaida. Duka la pili wakanipa ya TB 1, "mpya kabisa". Safari hii nilikwenda na laptop yangu yenye CrystalDiskInfo, programu inayosoma hali ya diski. Saa za kuwaka: 31,000 na ushee. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu na nusu bila kuzimwa. Muuzaji aliponiona nasoma akaichomoa kebo mwenyewe. Na hata saa hizo zinaweza kufutwa. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika Ujerumani kwamba kuna wauzaji waliokuwa wanauza kama mpya diski za Seagate zilizokwisha kutumika, rekodi za SMART, zile ambazo diski inajiandikia matumizi yake, zimerudishwa sifuri. Zilijulikana kwa sababu diski zile zina rekodi nyingine ya ndani, FARM, ambayo haikufutwa.

Mwenye kifaa cha nje cha bei ya ajabu, kipime leo kabla hujafuta chochote kwingine. Tumia programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux. Zinaandika mpaka kijae, kisha zinasoma tena kulinganisha. Fanya kikiwa kitupu. TB 2 kwa mwendo wa MB 30 kwa sekunde ni zaidi ya saa 18 kuandika tu, vumilia. Ukiwa na haraka, ValiDrive inachungulia sehemu 576 tofauti kwa dakika chache. Ila TB 2 ikionyesha 1.81 kwenye Windows usigombane na mtu, hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu.

NYONGEZA: Kuna mkuu amesema hapa "rahisi ni ghali, ungejiongeza". Ndugu yangu, sikuomba bure. Nililipa bei niliyotajiwa, nikauliza mara mbili, nikaonyeshwa kwenye kioo. Ndiyo, sasa najua SSD ya kweli ya TB 2 haipatikani kwa 85,000 popote. Lakini aliyetakiwa kujua zaidi ni anayeuza mia kwa mwezi, na yeye anajua, ndiyo maana alinitoa nje badala ya kubishana.

Jumatatu asubuhi nakwenda Tume ya Ushindani, FCC, maana bidhaa bandia ni kazi yao. Nabeba kasha, kikaratasi, kile kibao na kile chuma. Mwenye kifaa kama hiki asikitupe, aniandikie faragha, twende pamoja. Mpaka sasa tuko watatu.