Tumbo la nguruwe: chumvi kavu au maji ya chumvi?

MamaNjiro: Wadau, nguruwe wangu anachinjwa Jumamosi, nimemwambia mchinjaji aniachie tumbo lote nitengeneze bekoni. Nisugue chumvi kavu au niloweke? Naomba jibu leo.

MkulimaKibosho: Kilo ngapi? Lina mbavu? Friji unayo au unategemea baridi ya Meru?

FundiBucha: Chumvi kavu, mama. Kila kilo ya nyama chumvi gramu 25, sukari 10, pilipili manga. Toa mbavu kwanza. Pima kwa mizani, siyo kiganja! Friji siku saba, unageuza kila siku. Ya kuloweka inanywa maji, ukiikaanga inakurukia usoni.

DadaSakina: Hicho kiganja ndicho kilichoniponza. Krismasi, kilo nne, nikakadiria chumvi, nikapanga kwenye sufuria ya aluminiamu. Kesho yake tukaitwa msibani Rombo, tukakaa siku nne. Kurudi, jirani ananiambia umeme ulikatika tangu juzi. Kufungua friji, mama yangu! Juu chumvi hailiki, ndani kwenye unene kijani. Sufuria imeliwa vitundu vitundu. Mbwa alinusa akaenda zake. Mpaka leo mume wangu akisikia bekoni anacheka peke yake.

MkulimaKibosho: Pole dada. Mimi baada ya chumvi napitisha kwenye moshi wa matawi makavu ya mkahawa, yale tunayopogoa. Msonobari usiguse, utomvu wake unatia nyama uchungu.

MekuMarangu: Moshi wa Moshi! Ila moshi hauui tegu. Daktari wa mifugo atamkagua? Ukiona vipunje vyeupe kama mchele, hiyo nyama siyo ya kula.

KijanaUSA_River: Ile chumvi ya pinki ya supamaketi si ndiyo ya kuhifadhia nyama?

FundiBucha: Hapana! Hiyo ya Himalaya ni ya mezani. Ya nyama ina naitraiti, kemikali ya kuhifadhia, imetiwa rangi makusudi watu wasiichanganye. Gramu 2.5 za chumvi hiyo kwa kilo ya nyama, ukizidisha ni sumu. Na wewe unayetaka kuuliza magadi, usiulize.

KijanaUSA_River: Nilikuwa nataka kuuliza 😅

MamaNjiro: Kilo sita, mbavu zipo. Friji ni ndogo, imejaa maziwa ya mteja.

MekuMarangu: Sasa hapo bekoni ya nini? Chemsha na mchare, zile ndizi za kupika, tuelekeze nyumbani.

DadaSakina: Mchare na kitimoto, meku? Ndizi ya kukaanga ndiyo yenyewe.

MekuMarangu: Binti, wewe umeolewa wapi?