Kukata gauni la leso bila kuharibu pindo

Mkaazi wa Majengo: Assalaam alaykum. Nimenunua leso (kanga) mbili zilizoshikana Barabara ya Biashara, Mombasa, nami nataka kujichorea kielelezo cha karatasi cha gauni refu lenye mikono. Nitaipangaje karatasi ili pindo, yaani ule ukingo wa leso wenye nakshi, libaki chini, lisikatwe?

Fundi wa Kisauni: Waalaykum salaam, dada yangu. Kwanza ziloweke zitoke dondo (wanga unaokaza kitambaa kipya), uzianike, uzipige pasi, kwa sababu pamba mpya hurudi, na kipimo ulichochukua kabla ya hapo hakitakufaa. Leso ina takriban sentimita 150 kwa 110. Isimamishe, ili pindo la upande mfupi liwe chini. Mbele ukate katika leso moja na nyuma katika nyingine. Gauni lako liwe limenyooka, kwani ukilipanua sana chini, upindo wake utakuwa wa mviringo na pindo la leso, ambalo limenyooka, litakatika tu. Mabaki ya pembeni, yenye pindo refu, ndiyo mikono: pindo hilo liangukie kwenye kiwiko. Ongeza sentimita 1.5 za mshono kila upande.

Mama wa Likoni: Naafikiana na fundi, ila leso ikisimamishwa, jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa, nalo husimama ubavuni, na mimi jina silikati kamwe. Anayelitaka lisomeke aitumie leso kwa upana, sketi ya marinda, kisha atafute kitambaa cha rangi moja cha kifuani.

Mkaazi wa Majengo: Shukran. Nitajaribu kwanza kwa bafta, kile kitambaa cheupe chepesi cha pamba.