Tupeane uzoefu: rimu za lori, aloi ya alumini, kromu au chuma ya rangi?

Mzee wa Tunduma: Leo Mbezi nimepishana na Scania imevaa kromu zinawaka utadhani bwana harusi, kusogea karibu kwenye matundu ya nati kromu imebanduka kutu inachungulia. Waliowahi kubadilisha rimu tiririkeni hapa.

Utingo Mstaafu: Kromu na chumvi ya Dar wapi na wapi. Chini si chuma tu hiyo, ikipata mkwaruzo maji yakaingia kwisha habari

Kichwa Ngumu: Aloi tu. Rimu ya chuma ya inchi 22.5 inakaribia kilo 40, aloi ishirini na kitu, zidisha kwa matairi 22 ya semi uone unachookoa ukifika mizani Vigwaza.

Fundi Pancha: Na ikipasuka? Chuma ikipinda naigonga nyundo safari inaendelea

Kichwa Ngumu: Ndio nyie mnaotuulia watu.

Suka wa Kongo: Aloi mmenikumbusha mbali sana. Bosi alileta aloi za mtumba zimepigwa polishi hadi unaweza kunyolea ndevu, fundi akazifunga kwa stadi (bolti za kushikia rimu) zilezile za rimu za chuma. Sasa aloi ni nene, nati ikawa inashika meno mawili matatu, namwambia fundi ananijibu zimekaza hizo wewe nenda. Tuna mzigo wa Lubumbashi, Ruaha Mbuyuni tumeiacha, tunaupanda mlima Kitonga gia ya chini, utingo ananiambia mzee kuna kitu kinagonga nyuma kushoto. Kitonga unasimama wapi? Kabla sijapata upenyo naona kwenye kioo matairi mawili yanateremka yenyewe na nyuma yetu kuna basi limejaa!! Suka wa basi akajibana kwenye mlima, yakampita, yakaruka ukingo hadi korongoni. Stadi zimekatika nyeupe pee, matundu ya aloi nyingine yameliwa yamekuwa kama yai. Utingo aliacha kazi palepale Iringa.

Utingo Mstaafu: Na mimi ningeacha

Mama Semi: Pole kaka. Aloi zina stadi zake ndefu, na ukishafunga kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Michirizi ya kutu ikianzia kwenye nati ujue imelegea. Na chuma msiipake rangi nzito pale inapokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), inasagika nati zinalegea.

Dogo Polishi: Kuosha ni sabuni ya kawaida. Asidi ya kaa woshi inaiachia aloi madoa meupe hayatoki. Yenye klia, ile rangi angavu ya juu, usiisugue na polishi, isiyo na klia ndio inaitaka

Fundi Pancha: Mi naosha na Omo zote, haijawahi kulalamika hata moja

Kichwa Ngumu: @Suka wa Kongo hayo matairi ya korongoni yalikuwa saizi gani? Kuna jamaa yangu anaulizia 😂