Maji kifuani, mgonjwa amelala chali kwenye mashine: ultrasaundi inatosha kuamua kuvuta?

Zamu_ya_Usiku
Wakuu, mgonjwa yuko kwenye mashine ya kupumulia na hakalishiki. Eksirei ya kitandani inaonyesha weupe chini kulia, haijulikani ni maji au pafu lililosinyaa. Kwa ultrasaundi mnakadiriaje kiasi, na mnaamua vipi kuvuta au kuacha?

Proba_na_Jeli
Inua kichwa cha kitanda nyuzi 15. Tumia proba (kichwa cha ultrasaundi unachoshika mkononi) ya tumbo, MHz 2 hadi 5, kwenye mstari wa nyuma wa kwapa, alama ya proba ielekee kichwani. Usikimbilie maji, tafuta diaframu kwanza, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ni mstari mweupe juu ya ini unaopanda na kushuka kwa pumzi. Hapo ndipo pa kukosea: mpaka wa ini na figo nao umepinda vilevile, na anayeudhania kuwa diaframu atachoma ini. Ukiona figo chini tu ya mstari wako, umeshuka mno, panda.

Maji ni weusi juu ya diaframu, pafu lililosinyaa likipepea ndani yake kama ulimi. Kisha lalisha proba kwa upana wa kifua, subiri mwisho wa kutoa pumzi, pima milimita kati ya ukuta wa kifua na pafu pale penye nafasi kubwa zaidi, zidisha kwa 20. Milimita 40 ni kama ml 800. Makadirio tu, lakini yanafaa.

Zamu_ya_Usiku
Asante sana. Basi ikifika 800 navuta?

Mrija14
Hapana, mkuu, namba peke yake haitoshi. Vuta kama oksijeni ni mbaya, kama anashindwa kuachishwa mashine, au kama ana homa na unahitaji sampuli. Moyo ukiwa ndio chanzo na maji yako pande zote mbili, anza na furosemaidi, dawa ya kukojosha maji. Ukiona nyuzinyuzi au chembe zinazozunguka, fikiria usaha au damu. Hapo ni mrija, si sindano. Weusi mtupu nao usikudanganye, maambukizi yanaweza kuanza hivyo. Peleka maabara vipimo vya protini na LDH (kimeng'enya), za maji na za damu.

Kuchoma: nafasi isipungue milimita 15 hata pafu likijaa. Pitia ukingo wa juu wa ubavu, mbali na uti wa mgongo, maana huko mshipa wa damu umejipinda katikati ya mbavu. Ukiwa na proba bapa yenye Doppler, inayoonyesha damu ikitiririka, uangalie mshipa huo kwanza. Na usiweke alama kwenye ngozi halafu umgeuze mgonjwa: mkono ukisogezwa tu, ngozi inahama na maji yanahama.

Proba_na_Jeli
Nyongeza: PEEP, yaani shinikizo ambalo mashine huliacha kwenye mapafu mwisho wa kutoa pumzi, si kizuizi cha kuchoma. Simama ukifika lita 1.5, au mapema akikohoa. Aliyelazwa usingizi kwa dawa hatasema kifua kinauma, kwa hiyo tazama presha na oksijeni. Ukimaliza, rudisha proba kifuani mbele, pafu lionekane likiteleza kama lilivyokuwa kabla hujachoma. Kama halitelezi tena, tafuta hewa iliyovuja nje ya pafu.