Simu yangu nzima, kilichokufa ni betri! Kwa nini kila duka linanilazimisha ninunue mpya?

Habari za muda huu wakuu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie, nimerudi kutoka Kariakoo sasa hivi, miguu inaniuma, nauli imeenda, siku imeenda na nilichofuata sijakipata.

Mimi napika keki za oda, nipo Tabata. Simu ndiyo duka langu, wateja wote wako WhatsApp, picha za keki napiga humo humo, hela inaingia humo humo. Nilinunua 2021 mpya kabisa kwa laki nane na nusu na mpaka leo kioo hakina hata mkwaruzo, kamera safi, haigandi wala nini. Shida ni betri. Inaonyesha asilimia 34, nafungua kamera nipige keki kabla bodaboda hajaondoka nayo, fleshi ikiwaka tu simu inazima. Nachomeka chaji inawaka inaniambia ina 31. Bodaboda huyo kasimama mlangoni ananiangalia.

Na eafoni za blutuu ndiyo balaa zaidi. Nilinunua 2023, navaa moja tu sikioni maana mikono yote iko kwenye siagi na unga, simu naiweka juu ya friji nikipigiwa napokea kwa kugusa na kiwiko. Ya kushoto sasa hivi haimalizi hata dakika 40, inalia tuu-tuut kisha kimya. Wiki iliyopita ilikata mteja akiwa ananitajia jina la mtoto, nikasikia Brian, nikaandika Brian, kumbe mtoto anaitwa Ryan. Keki ya elfu 90 nimeifuta krimu yote juu nikaanza upya saa nne usiku, na mteja hata akisamehe mimi mwenyewe roho inaniuma.

Sasa nikaanzia kwa mawakala wenyewe wa simu yangu, nikijua hapo ndiyo pa uhakika. Kijana hajaishika hata simu, ananiambia dada hiyo ni ya zamani betri yake mpaka iagizwe, subiri wiki tatu, na gharama ni laki moja na themanini, "kwa hela hiyo si bora uongeze uchukue mpya, tunayo hapa ya milioni moja na laki mbili". Yaani kutoka laki na themanini mpaka milioni na laki mbili yeye anaita kuongeza! Nikamuuliza za masikioni je, akasema hizo hazifunguliwi, zimegundishwa, zikifa unanunua seti nyingine. Upande mmoja je? Hatuuzi. Kwa hiyo ya kulia iliyo nzima pamoja na kikasha chake nikatupe wapi jamani?

Nikaenda mtaa wa Aggrey, huko huko Kariakoo kwenye maduka ya simu. Hapo mnapajua, kabla hujavuka barabara mawinga, wale wanaovuta wateja madukani, wameshakushika mkono, anti njoo, anti iphone, anti samsung, bei ya jumla. Nikasema basi ngoja niangalie, labda kweli nibadilishe yaishe. Winga kanipeleka ghorofa ya pili, ikatolewa simu ya kwenye boksi, sili yake, plastiki yake, "full box haijaguswa", laki tisa. Nikaomba iwashwe. Nikabonyeza *#06# namba za IMEI, zile za utambulisho wa simu, zikatokea, nikageuza boksi nikaanza kulinganisha moja moja kwa kidole, ya kwenye boksi inaishia na 7 na ya kwenye simu inaishia na 2. Nikawaonyesha. Unajua nilijibiwa nini? "Anti wewe unataka simu au unataka namba, usitupotezee muda wateja wako nje." Mimi ndiye mwenye laki tisa mkononi halafu napoteza muda wa mtu!

Wakuu msinunue simu bila kufanya hivyo, nawaombeni sana. Mwaka 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki tulihangaika wote, lakini angalau tulijifunza, unaituma ile IMEI kwenda 15090 unajibiwa ni simu ya aina gani, dakika haiishi. Na msidanganyike na afya ya betri kusoma asilimia 100 kwenye simu iliyotumika. Simu ilitoka 2020, imetumiwa nje huko, imekuja hapa imefutwa vumbi, betri itabakije 100? Ama imebadilishwa ama namba imechezewa, na vyote viwili muuzaji alipaswa kusema mwenyewe kabla sijauliza.

Duka la mwisho wakaniambia nichukue kwa kulipa kidogo kidogo. Kianzio laki mbili halafu elfu tatu na mia tano kila siku mwaka mzima. Inasikika ndogo kweli, elfu tatu na mia tano. Nimepiga hesabu pale pale kwenye kaunta, inakuja milioni moja laki nne na elfu sabini na saba na mia tano, simu hiyo hiyo keshi ni laki tisa! Na usipolipa inajifunga. Mimi oda zangu zinapitia humo, wakiifunga siku mbili ndiyo nitapata wapi hiyo hela ya kuwalipa?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hili jambo linaeleweka, si uchawi. Betri za simu nyingi zinatengenezwa zibaki na kama asilimia 80 baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 hadi 1000 hivi, inategemea na simu. Anayechaji kila siku kwa miaka minne ameshapita huko zamani. Ikichoka haiwezi kutoa umeme mwingi kwa ghafla, ndiyo maana kamera na fleshi vinaizima wakati namba bado inasoma 30. Na hivi vya masikioni betri yake ni kama punje, tena unatoa sikioni unarudisha kwenye kikasha inachaji, unatoa unarudisha, na joto la Dar hili, miaka miwili mitatu imekwisha. Wanaotengeneza wanalijua tangu siku ya kwanza na bado wanaigundisha na gundi!

Si ndiyo yaliyowakuta Apple Desemba 2017, walikiri kwamba programu yao inapunguza kasi ya iPhone za zamani ambazo betri imechoka, watu walikuwa wanadhani simu imezeeka wanakimbilia kununua mpya. Baada ya kelele wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na watu simu zao zikarudi kuwa nyepesi. Betri tu. Na ni hao hao 2016 walitoa tundu la eafoni za waya, wengine wakafuata, leo simu yangu haina tundu na ndiyo maana nipo kwenye utumwa wa hivi vya blutuu. 2020 wakaondoa na kichwa cha chaja kwenye boksi.

Wenzetu Ulaya wamebanwa kisheria, tangu Juni 2025 simu mpya zinazoingia sokoni kwao lazima betri ihimili mizunguko 800 ya kuchaji ikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo wake, na spea zipatikane miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa. Februari 2027 inakuja nyingine ya betri za vifaa vidogo, mwenye kifaa aweze kuitoa mwenyewe. Kampuni ni zile zile zinazotuuzia sisi. Kwa nini mimi wa Tabata niambiwe wiki tatu, na hapo pengine isije? Mamlaka zetu zinazohusika na mlaji nazo ziseme kitu, maana VAT asilimia 18 kwenye hiyo simu mpya tunalipa.

Simu ya mume wangu ni kesi tofauti na yeye namwelewa, yake imeacha kupokea apdeti za usalama na app ya benki imeanza kumgomea, huyo atabadilisha mwisho wa mwaka na nimemwambia asiangalie kamera, aulize kwanza apdeti ni miaka mingapi. Samsung tangu Galaxy S24 wanaahidi saba kwenye simu zao za juu, na kama hela haifiki huko kuna za chini zinazoahidi minne mitano, zipo.

Mimi sibadilishi. Nimekataa. Laki nane na nusu yangu bado inafanya kazi.

Ninachoomba, mwenye fundi mkweli wa betri ataje mtaa, awe anaweka betri yenyewe na siyo zile kopi za elfu 25, nilishawekewa kopi kwenye simu ya zamani ikavimba mpaka ikainua kioo. Na kama yupo mtu Dar hii anafungua eafoni za blutuu anabadilisha ile betri ndogo bila kuvunja ganda nitamlipa bila kuomba apunguze. Jumamosi nina keki ya ngazi tatu ya sendofu, mwenye shughuli anapiga simu kila baada ya nusu saa kubadilisha rangi ya maua, na hapa ninapoandika waya wa chaji umefika mwisho nimesimama wima pembeni ya friji.