Naomba ushauri: mwanamke wa shamba na wa mjini katika nyimbo za zamani za Uingereza

Wakuu, habari za leo. Tasnifu yangu inahusu nyimbo za karne ya 17 zilizochapwa upande mmoja wa karatasi na kuuzwa peni moja mitaani London. Samuel Pepys, ofisa wa serikali wa karne hiyo aliyejulikana kwa shajara yake, alikusanya zaidi ya 1,700. Ziko Cambridge, Magdalene College.

Humo msichana wa shamba anasifiwa: mashavu mekundu yasiyo ya dukani, ndoo ya maziwa mkononi. Wa mjini ni hariri, poda na maringo. Nilidhani nimemaliza, mpaka nikakutana na "The Baffled Knight" ya 1609. Binti anamkuta bwana mkubwa kondeni, bwana anataka kulala naye, binti anamshawishi waende kwanza nyumbani kwa baba wa binti. Wakifika anapenya getini, anamfungia nje, kisha anamcheka. (Nilicheka mwenyewe maktaba.) Ila nyumba hiyo ina ukuta pande zote, si kibanda. Sasa huyu nimweke wapi?

Msimamizi anataka makundi mawili tu. Mimi naona wanunuzi wengi wa London walikuwa wametoka vijijini, na sifa hizo huenda ni hamu ya nyumbani. Nimbishie, au nitii nipate cheti? Mliosomea fasihi, nisaidieni.